Masizi ya Kuazima

Nilijifunza kuchafua magari kwa kuangalia mikono ya mtu nisiyemjua. Mikono tu, uso hakuonyesha. Ilikuwa video kwenye simu, mtu wa nchi fulani ya baridi, maana sweta lake lilifika mpaka kwenye vidole, anapaka rangi kisanamu cha askari kisichozidi kidole gumba. Lugha yake sikuielewa hata salamu. Alimpaka yule askari vizuri, kofia ya kijani, buti nyeusi, uso wa rangi ya mtu, nikasema basi, kamaliza. Kumbe wapi. Akachukua kikombe cha maji machafu, machafu kweli, kama maji yaliyotumika kudeki korido la shule, akachovya brashi, akamlowesha askari mwili mzima.

"Jamani, anamharibu!" nikapiga kelele pale dukani. Mteja aliyekuwa anasubiri kopi ya cheti cha kuzaliwa akaruka, akadhani ni cheti chake.

Halafu ile mikono ikafuta juujuu kwa kitambaa, na mikunjo ya shati ikatokea. Vifungo vikatokea. Uso uliokuwa kama kiazi kilichomenywa ukapata macho, tena macho yaliyochoka. Maji yale yalikuwa yameingia kwenye kila mfereji na kila kona, yakabaki humo kama kivuli, na sehemu zilizoinuka zikabaki na rangi yake. Sasa askari alikuwa ametembea, amenyeshewa, na hajapata barua kutoka nyumbani muda mrefu. Niliirudia video ile mpaka bando likakata. Nikalia kidogo kwa ajili ya askari. Mimi ni mtu wa kulia kidogo.

Kazi yangu ni duka la steshenari, Mwanjelwa, hapa Mbeya. Kopi, kuprinti, kulaminisha, bahasha za kaki. Kidato cha nne nilikimaliza, nacho kikanimaliza, kwa hiyo nashukuru kupata mahali penye karatasi nyingi bila mtihani. Wakati hakuna wateja natengeneza malori madogo. Mabaki ya mbao napewa na seremala wa nyuma ya duka, bati nakata kwenye makopo ya maziwa, na tairi nachonga kwenye kandambili zilizokufa. Mama mwenye duka alishanikatia tamaa.

"We binti," ananiambia, "wenzako wanatengeneza kucha, wewe unatengeneza tairi."

"Kucha hazina gia, mama."

"Na mume hana haja ya gia. Toa kopi za mtu hapo."

Baada ya video ile niliyaangalia malori yangu yaliyopangwa juu ya rafu, nikayaona yalivyo: mapya yote. Yanang'aa kama sahani za harusi. Hakuna hata moja lililowahi kufika popote. Nikaamua kutafuta maji ya wino.

Nilianza na wino wa printa, kwa kuwa ulikuwepo. Lori likawa la pinki, tena pinki ya keki. Nikahamia wino wa muhuri. Huo nao ni zambarau na haukauki kabisa. Siku nne kila bahasha niliyoishika ilitoka na alama ya kidole, na watu wakaniuliza uchaguzi umefanyika lini, maana nilionekana nimepiga kura kwa vidole vyote kumi. Mwisho nikakumbuka chupa za wino mweusi wa kalamu za zamani, zilizokaa rafu ya nyuma kabisa zikisubiri karani ambaye amestaafu. Mama mwenye duka akanipa chupa moja kwa sharti kwamba nisimguse.

Huo ndio ulikuwa wenyewe. Maji vijiko vitatu, wino nusu kijiko, na tone moja la sabuni ya maji, ile ya vyombo. Usipotia sabuni, wino unajikunja juu ya rangi ya mafuta kama mvua juu ya jani la mgomba, unakataa kushika. Ukitia tone moja, unatulia, unaanza kutembea wenyewe, unatafuta mifereji. Unaweza kukaa ukauangalia tu. Unapita kwenye ufa kati ya mbao na mbao, unazunguka kichwa cha msumari, unajificha chini ya bawaba ya mlango. Wewe kazi yako ni kufuta ulipozidi na kuacha ulipopenda kukaa. Lori langu la kwanza lililokubali nililishika kiganjani nikaliambia, "Pole na safari."

Sasa niseme habari ya baba mkubwa.

Baba mkubwa, kaka yake baba, anaishi Iringa mjini, na maisha yake yote alikuwa dereva wa lori moja. Sisemi tajiri mmoja mwenye gari, nasema lori moja. Matajiri walibadilika, lori likauzwa na yeye akiwa ndani yake, kama kiti. Lilikuwa la bluu, lenye pua ndefu na bodi ya mbao, na mbele limeandikwa WIVU HAUJAZI TANKI. Alilipakia vitunguu Ruaha Mbuyuni, akalipandisha mlima wa Kitonga, akapita Ilula, akapita mlangoni kwake Iringa bila kusimama zaidi ya kikombe cha chai, akaenda kushusha Mbeya. Kurudi anabeba mchele wa Chimala. Mama mkubwa, mkewe, aliliita lori lile mke mwenza.

"Mke mwenza kaamkaje?" anamuuliza mumewe asubuhi.

"Kaamka na kikohozi."

"Mpe dawa, mimi nina mafua na hukuniuliza."

Miaka yote hiyo hakupata ajali barabarani. Alikuja kuvunjika mguu sebuleni kwake, kwa kuanguka kwenye stuli akibadilisha balbu. Na alipokuwa wodini, mguu umening'inizwa, tajiri wa mwisho akaliuza lori kwa watu wa chuma chakavu. Wakalikata kwa gesi, wakalibeba vipande. Hakuna aliyethubutu kumwambia mgonjwa. Alipotoka na magongo yake akaomba apitishwe kwanza kwenye uwanja lilipokuwa linalala, akakuta doa la mafuta ya injini limebaki chini, basi. Alilitazama lile doa, akasema, "Twendeni nyumbani." Alipofika akageuza kiti chake cha barazani kikaangalia ukuta badala ya barabara. Hakulaani mtu, hakuuliza kitu, hakulitaja lori tena. Na mtu huyu zamani ulikuwa humwambii habari ya harusi bila yeye kukuingizia habari ya gia.

Mama mkubwa akanipigia simu. "Mwanangu, bora angelia," aliniambia. "Mtu akifiwa anazika, anatupa udongo, anarudi kula ugali. Huyu hajazika. Amekaa na maiti kifuani."

Nikasema, bila kufikiri, kama kawaida yangu, "Nitamtengenezea."

Kisha akasema, "Liwe lenyewe, mama. Ukimletea mwanasesere wa gari, ataona tunambembeleza kama mtoto, na hapo ndipo atafunga mdomo moja kwa moja. Tuna ibada ya shukrani hapa nyumbani, ya mguu wake kupona. Lilete siku hiyo, mbele ya watu, asiweze kukimbilia chumbani."

Wiki tatu nilifanya kazi ile. Nilikuwa na picha moja tu ya lori, naye baba mkubwa amesimama mbele yake mikono kiunoni, akiziba mlango wa dereva na nusu ya bodi. Upande aliouziba niliubuni. Rangi ya bluu niliipata, maandishi niliyaandika kwa kijiti cha kiberiti. Lakini nilijua baba mkubwa hatakubali kwa sababu ya bluu. Atakubali kwa sababu ya uchafu. Kwa hiyo nilipaka maji ya wino mara tisa, mepesi, kila mara nikisubiri yakauke. Nikaweka vumbi jekundu kwenye mifereji ya tairi. Nikaweka mstari wa dizeli chini ya tanki. Chini kabisa, ambako hakuna atakayeangalia, nilipaka zaidi kuliko kote, kwa sababu dereva ndiye mtu pekee anayeangalia huko.

Jumamosi nikapanda basi na boksi mapajani. Konda akaniuliza, "Dada, hiyo ni keki?"

"Lori."

"Lori ndani ya basi? Sasa nani anambeba nani?" Basi zima likacheka. Tulipofika Chimala kila aliyeshuka kununua mchele alirudi kuomba nimfunulie achungulie, na mzee mmoja akasema lile lori analifahamu, liliwahi kumrushia maji ya dimbwi. Sikuamini, lakini nilifurahi kuliko alivyotegemea.

Niliingia Iringa jioni, baridi imeshaanza kung'ata masikio. "Kamwene," nikabisha hodi kwa salamu ya Kihehe, na mama mkubwa akaitikia, "Kamwene, mwanangu, vua viatu." Baba mkubwa alikuwa barazani na ukuta wake. Nilimwamkia, akaitikia, akauliza kama Mbeya mvua zinanyesha. Hakuuliza njia ilikuwaje. Boksi likaingia stoo bila kufunguliwa.

Hapo ndipo kosa langu lilipo. Nilimweleza mama mkubwa kwenye simu kuhusu tairi, kuhusu milango inayofunguka, kuhusu maandishi. Kuhusu uchafu sikumweleza. Na mama mkubwa, lazima nieleze, ndiye mtu msafi kuliko watu wote kutoka pale mpaka Makambako. Anaosha mayai kabla ya kuyaweka kabatini. Anaosha mkaa, nimemwona kwa macho yangu akiupangusa. Kuku wa sikukuu wanaogeshwa kwanza wakiwa hai, ili wasife wachafu. Kwa kina mama wa jumuiya yake, zawadi haitoki nyumbani kabla haijaoshwa: ukipeleka ndizi, zimepanguswa, ukipeleka jogoo, miguu imesuguliwa. Ni heshima. Kumpa mtu kitu na vumbi lake ni kama kumsalimia umeangalia pembeni.

Jumapili asubuhi niliongozana na baba mkubwa ibada ya kwanza, yeye na magongo, mimi na vitabu vya nyimbo. Mama mkubwa alibaki kupika. Baada ya ibada wazee wenzake wakamshikilia wapange nani ataongoza maombi mchana, nikatangulia nyumbani kusaidia jikoni.

Nilipoingia uani niliona kichanja cha vyombo kimejaa, kinameta kwenye jua: vikombe, sahani, mabakuli ya pilau. Na katikati ya vikombe, limelazwa chali, tairi juu, linachuruzika maji, lori langu.

Nilisimama.

"Umerudi?" mama mkubwa akasema kwa furaha, mikono ina povu mpaka kwenye kiwiko. "Mwanangu, Mungu akubariki kwa kazi ile. Ila sijui mliliweka wapi huko Mbeya, maana lilikuwa chafu! Hasa chini. Chini nimesugua na mswaki maji matatu. Hata mke mwenza hapelekwi mbele za watu na uso kama ule."

Nililichukua. Rangi ya mafuta ilikuwa imeshika, haikutoka hata punje. Lakini wino wote, mara zote tisa, ulikuwa umekwenda na maji ya vyombo kwenye mgomba wa uani. Lori lilikuwa jipya kabisa. Lilikuwa keki.

Nilitaka kusema kitu cha adabu. Badala yake machozi yalitoka tu, na pua pia.

"Nimevunja kitu?"

"Hapana, mama. Ule uchafu... niliupaka mimi."

Alinitazama kama mtu anayepima homa kwa macho. "Uliupaka. Kwa makusudi."

"Wiki tatu."

Nikamweleza, kwa kwikwi, habari ya mifereji na vivuli, na jinsi baba mkubwa atakavyolijua lori lake kwa madoa na si kwa bluu. Alisikiliza, povu linakauka mikononi. Akalitazama lori. Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya akiwa na kanga safi.

"Basi nimemwosha marehemu mpaka sura imetoka," akasema. Kisha, "Wino uko wapi?"

"Mbeya. Niliogopa utamwagika kwenye basi."

"Steshenari za hapa leo zimefungwa. Wageni saa nane." Akafikiri. "Huo wino ni nini hasa?"

"Ni weusi tu, mama, kwenye maji. Hata masizi yangefaa."

Tukageuka wote wawili kuangalia sufuria zake. Zilikuwa zimeinamishwa ukutani kwa ukubwa wake, na kila moja nje inang'aa kama ndani. Ungeweza kujichania nywele. Tukaenda kwenye jiko la mkaa. Limepanguswa. Tukachungulia kwenye dari la jiko la nje, mahali ambapo kila nyumba duniani ina utando mweusi. Lilikuwa limepakwa chokaa. Robo saa nzima tulizunguka ile nyumba tukitafuta uchafu na hatukupata hata wa kupaka ukucha. Mama mkubwa akaanza kukasirika, kama mtu aliyeibiwa.

"Kwa jirani," nikasema.

Akakunja uso. Jirani alikuwa mama mmoja mwenye asili ya pwani, mchuuzi wa vitumbua, mwenye sauti ya kufika sokoni bila yeye kwenda. Alipikia kuni, na sufuria zake zilikuwa gumzo la mtaa. Gumzo lenyewe lilianzishwa na mama mkubwa.

"Nenda wewe," akaniambia.

"Mimi mgeni, mama. Nitaombaje masizi kwa mtu sijui hata jina la mume wake?"

Tukaenda wote. Jirani alikuwa uani kwake, anageuza vitumbua. Mama mkubwa alisalimia salamu ndefu, akauliza watoto, akauliza miguu, akasifia vitumbua, kisha akakohoa.

"Jirani, nina shida ndogo. Naomba... unikwangulie masizi kidogo."

Jirani aliacha kitumbua kikaungua. "Nikukwangulie nini?"

"Masizi. Ya sufuria."

"Ah! Bibi we! Si wewe uliyesema sufuria zangu utazijua hata gizani, kwa kuwa ni nyeusi kuliko giza lenyewe?"

"Nilisema."

"Na si wewe uliyewaambia kina mama kwamba kwangu hata chumvi inatoka nyeusi?"

"Hilo la chumvi waliongeza wao."

"Leo umekuja na kibakuli kabisa!" Alicheka mpaka akashika nguzo. "Basi chagua, mwenzangu. Hili hapa la mwaka jana, hili la Ramadhani, na hili kubwa," akalipiga kofi, "hili sijaligusa tangu nimeolewa." Tulipomweleza ni ya nini aliacha kucheka, akachukua kisu, akatukwangulia mwenyewe, yale ya sufuria kubwa, laini kama poda. "Mwambieni mzee yametoka kwangu," akasema. "Siku zote akipita alikuwa ananipigia honi."

Tukarudi mbio. Maji, masizi, tone la sabuni. Lakini masizi peke yake hayashikani. Yalielea juu yakaanza kunicheka. Mama mkubwa akaingia ndani akatoka na wanga wa kunyooshea kola za mashati, akakoroga kijiko kwenye maji ya moto, akatia. Kikawa kitu cheusi, kizito kiasi, kinachotembea. Nikachovya brashi na kuanza kama nilivyofanya Mbeya, kwenye nyufa za bodi.

"Si hapo," mama mkubwa akasema.

"Nini, mama?"

"Hapo hapakuwa na weusi. Weusi ulikuwa hapa." Kidole chake kilikuwa chini ya dirisha la dereva. "Alikuwa analaza mkono hapa. Shati zake zote, mkono wa kulia, kwenye kiwiko, kulikuwa na doa refu kama samaki. Nimelisugua lile doa ujana wangu wote."

Nikapaka pale.

"Zaidi. Alikuwa mzito wa mkono. Sasa huku nyuma, mgongoni kwa shati palikuwa na grisi mistari miwili, maana anapita chini kwa kulala chali, hivi. Mistari inatoka kwenye nini?"

"Springi, mama."

"Basi paka springi. Na hapa," akagonga ubavu wa bodi, ule uliozibwa na mtu kwenye picha, "uliweka mbao nzima. Haikuwa nzima. Palikuwa na kiraka cha bati la kopo la mafuta ya kula, alizeti, ua limeinama. Kopo langu. Alilichukua bila kuniuliza."

Nilikata kiraka kwenye kifuniko cha kopo la maziwa, nikakipigilia, nikachora ua lililoinama. Yeye akaendelea kuongea huku amefumba macho, mikono yake ikitembea hewani kama inafua. Dizeli kwenye goti la kushoto. Vumbi jekundu kwenye kola, la barabara ya mashambani. Maganda ya vitunguu mfukoni, na mimi nikakimbilia jikoni nikachukua ganda moja la kitunguu cha pilau ya siku ile, nikalipasua vipande vidogo, nikavibandika kwenye pembe za bodi. Mwanamke aliyepigana na uchafu wa lori lile karibu miaka thelathini alikuwa anajua mahali ulipokaa kuliko picha yoyote. Ilifika wakati akaninyang'anya brashi.

"Sogea, unapaka kama unaogopa."

Saa nane wageni wakafika: mzee wa kanisa, kina mama wa jumuiya, wazee wenzake baba mkubwa, na jirani amevaa hereni zake kubwa. Watu waliimba, wakaomba, wakashukuru kwa ajili ya mguu. Meza ikajazwa pilau, kachumbari, kuku waliokufa wasafi. Kisha mama mkubwa akanisukuma, nikaliweka lori mbele ya baba mkubwa, bado lina unyevu kwenye tairi. Nikasema tu, "Hili hapa, baba."

Hakuligusa. Nikaanza kuhesabu pumzi zake. Mama mkubwa alikuwa amesimama mlangoni, masizi kwenye paji la uso, na hakuna mgeni aliyethubutu kumwambia.

Baba mkubwa akalinyanyua kwa mikono miwili. Hakuangalia mbele, hakuangalia maandishi. Aliligeuza akaangalia chini, muda mrefu, kama yuko kwenye ukaguzi. Akanusa. Akaangalia mlango wa dereva, akaweka ncha ya kidole pale penye doa, kidole kikakaa. Kisha akalizungusha akaona kiraka.

"Kiraka umekijuaje?" akaniuliza. "Hakipo kwenye picha."

Nikaangalia mlangoni. Naye akaangalia mlangoni.

"Nilidhani hukuwahi hata kulitazama," akamwambia mkewe.

"Mke mwenza anatazamwa kuliko kioo," mama mkubwa akajibu. "Na kopo langu bado sijasamehe."

Kina mama wakacheka kwa kuficha. Baba mkubwa hakucheka. Alisogeza sahani yake, akaliweka lori mwanzo wa meza, karibu na bakuli la vitunguu, akainama. Kisha kutoka kooni mwake ikatoka sauti ya injini. Si ya mchezo. Ilianza kwa kukohoa, ikashika, ikakohoa tena, ikatulia kwenye mngurumo mzito, na wazee wawili waliokuwa madereva wakaacha vijiko.

"Ruaha Mbuyuni," akasema. "Magunia yamejaa. Twende."

Akalisukuma taratibu kwa kidole. Kwenye bakuli la pilau akasimama. "Kitonga hii. Hapa gia ya pili, halafu huombi tatu, unaomba Mungu." Injini ikazama, ikalia, ikapanda ubavu wa bakuli kona kwa kona, shingo yake imejaa mishipa, na mzee mmoja akawa anaita, "Kulia kwako! Kuna semi inashuka!" "Nimeiona!" Jasho lilimtoka kweli. Alipofika ukingoni akapumua, sisi sote tukapumua.

"Ilula. Nyanya ziko wapi?"

Mzee wa kanisa akachomoa haraka kipande kwenye kachumbari, akakinyanyua juu kama wale wauzaji wa barabarani. "Nyanya, dereva! Nyanya nzima!"

"Nikirudi, mama." Watu hoi. Akapita Iringa, ambayo ilikuwa mkono wa mama mkubwa uliokuwa umekuja kushika meza. Akasimama hapo muda mfupi kuliko wa kikombe cha chai, lakini alisimama. Mafinga, Makambako, kwenye sahani za watu, kila mtu akiinua yake kumpisha. Chimala ilikuwa wali mweupe aliouleta jirani. Mwisho akafika kwangu, mwisho wa meza.

"Mbeya," akasema. Injini ikashuka, ikatetemeka, ikazimika. Alikaa mkono juu ya ile pua ya bluu, masizi yakimwingia vidoleni, na machozi yakateremka bila yeye kuyafuta, na mimi bila shaka nikamsindikiza.

"Ahsante," akaliambia lori, si sisi. "Umenifikisha kila siku. Sasa pumzika."

Hakuna aliyejua cha kufanya baada ya hapo, hata mama mkubwa, ambaye kitambaa kilikuwa mkononi na hakufuta kitu. Ndipo mzee wa kanisa, ambaye mkono wake ulikuwa bado juu na kipande cha nyanya, akauliza kwa sauti ndogo kama sasa anaruhusiwa kuila.

"Kula, mzee," baba mkubwa akasema, akivuta sahani yake karibu. "Tumeshafika."